BSN ya mtandaoni na safari ya CRNA: inazuia au haizuii?

CRNA ni muuguzi wa Marekani aliyebobea katika kutoa dawa ya usingizi na ganzi. Ndiye anayekulaza nusukaputi, anakaa upande wa kichwa chako upasuaji wote akifuatilia pumzi na presha, kisha anakuamsha. Manesi wengi wa Kikenya na Kitanzania walioko huko wanaitamani kazi hiyo, na wasiwasi wao mkubwa ni huu: nikichukua BSN (digrii ya kwanza ya uuguzi) mtandaoni, chuo cha usingizi kitanikataa?

Kwa sababu ya mtandao peke yake, hapana. COA, baraza linalotoa ithibati kwa vyuo vya usingizi Marekani, linataka mwombaji awe na leseni ya RN (muuguzi aliyesajiliwa), digrii ya uuguzi au ya fani inayofaa, na angalau mwaka mmoja wa kazi ya muda wote kwa wagonjwa mahututi. Transkripti nayo kwa kawaida haisemi kama ulisomea darasani au kwenye meza ya jikoni. Cha kuangalia ni kama programu yako ina ithibati ya chombo kinachotambulika, mfano CCNE au ACEN. Ikikosa hiyo, ada yako imekwenda na maji.

Tatizo liko kwenye alama. Wengi wanaosoma mtandaoni tayari ni RN wenye diploma ya miaka miwili au mitatu, wanaongeza tu digrii. Masomo ya kuongezea ni uongozi, afya ya jamii, utafiti na mengine ya aina hiyo. Sayansi ngumu ni chache au hazimo kabisa. Kwa hiyo ile C ya kemia uliyoipata enzi unatoka zamu ya usiku na kuingia darasani bado ipo, na vyuo vingi vya usingizi hupiga wastani wa sayansi peke yake. BSN mpya yenye A tupu za uongozi haiifuti.

Halafu kuna vyuo vya mtandaoni ambako unasonga kwa kasi yako na matokeo yanaandikwa "amefaulu" tu, bila A wala B. Wastani unahesabiwa kuwa 3.0 kati ya 4.0 kwa kila mtu, aliyekesha na aliyeponea chupuchupu. Ni nafuu na ni haraka, sikatai, lakini kwa mtu mwenye nia ya CRNA naona ni bei ghali, maana anashindana na waombaji wenye 3.7. Aliyekwisha kumaliza huko anaweza kurudia kemia, au kuchukua kozi moja ya famakolojia au fiziolojia ya ngazi ya uzamili yenye alama za herufi. Ila aulize kwanza: kuna vyuo visivyopokea maabara ya mtandaoni, na vingine havitaki kozi za sayansi zilizopitwa na miaka kadhaa. Uliza kwa barua pepe, jibu libaki kwa maandishi.

Baada ya hapo, kazi ya ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, ndiyo inayobeba uzito. Si ICU ya jina tu; wanataka mtu aliyezoea mashine za kupumulia na dawa za kupandisha presha zinazorekebishwa kila dakika chache. Kwenye usaili unaweza kuulizwa norepinefrini inafanya nini kwenye mishipa ya damu, na kwa nini umeichagua hiyo ukaacha nyingine. Cheti cha CCRN, cha ubobezi wa kuuguza mahututi, husaidia sana, nacho kwa njia ya kawaida kinadai saa 1,750 za kuhudumia mahututi ndani ya miaka miwili.

Cha kuchekesha ni kwamba vyuo vyenyewe vya usingizi navyo vimeingia mtandaoni. Tangu 2022 kila anayeanza lazima aingie ngazi ya uzamivu (shahada ya udaktari, si utabibu), miezi isiyopungua 36, na baadhi hufundisha sehemu ya nadharia kwa intaneti. Chumba cha upasuaji hakijahamia huko: kabla ya kuhitimu, mwanafunzi anatakiwa awe ametoa usingizi kwa kesi zisizopungua 600 na kutimiza saa 2,000 za kliniki.