Kupumzika tu hakurudishi pumzi

Wengi bado huamini kwamba aliyepona saratani ya mapafu baada ya kukatwa sehemu ya pafu akihema anayaumiza mapafu yaliyobaki, basi heri akae tu. Ushauri huo hutolewa kwa upendo, lakini humdhoofisha. Pafu la kulia lina sehemu 3, la kushoto 2, na sehemu iliyokatwa haioti tena. Lakini mazoezi huimarisha moyo na misuli: miguu yenye nguvu hutumia oksijeni vizuri zaidi, hivyo mtu hupanda ngazi zilezile bila kuhema sana.

Daktari akisharuhusu, anza kutembea kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza, ukiongeza dakika kidogokidogo. Kuhema kunakotulia ukipumzika ni kawaida kabisa. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au ukikohoa damu, acha mara moja, umwone daktari.