Kusomeka si sawa na kuharirika

Kwa mafundi wa kompyuta hapa Goma, utasikia kwamba faili la mipangilio likiwa maandishi ya kawaida, yeyote anaweza kulirekebisha bila hatari. Nusu yake ni kweli: maandishi hufunguka kwa kihariri chochote, hata mashine ikikataa kuwaka vizuri.

Lakini msomaji wa mwisho ni programu, na haisomi kama wewe. Chukua toleo la 1.1 la YAML (muundo wa kuandika mipangilio kwa maandishi), ambalo programu kadhaa bado hulifuata. Ukiandika NO, kifupi cha Norway, bila alama za kunukuu, inaelewa "si kweli". Ukiandika 010 inapata 8, kwa kuwa sifuri ya mbele huashiria hesabu ya msingi wa nane. Toleo la 1.2, la mwaka 2009, lilirekebisha hayo. JSON, muundo mwingine wa namna hiyo, nayo hairuhusu hata maelezo ya pembeni (ajabu, kwa faili linalosifiwa kuwa la binadamu).

Kinyume chake, rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo huo) haisomeki kwa macho, ila watu huihariri kupitia programu ya regedit. Mimi napendelea njia ya sudoers, faili la Linux linalosema nani ana ruhusa za msimamizi: ni maandishi, lakini hufunguliwa kwa programu ya visudo, ambayo hukagua sarufi kabla ya kuhifadhi.