Bronzi Iliyopakwa Fedha si Fedha: Kabla Hujanunua Pambo la Kale la Meza Ufaransa

Dawati letu la uthamini linazidi kupokea malalamiko kuhusu mapambo ya kale ya katikati ya meza kutoka Ufaransa, yale yenye bakuli la kristali juu ya kitako cha bronzi iliyopakwa fedha. Wauzaji wengi ni waaminifu. Tatizo ni kwamba wanunuzi hawadai maelezo ya kitu kwa maandishi.

Bronzi iliyopakwa fedha si fedha. Tunalisema hili kila siku, na bado watu wanalipa bei ya fedha kwa sababu kitu kinang'aa. Geuza kitako, chukua lenzi. Tangu 1838 vyombo vikubwa vya fedha halisi hugongwa alama ya kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Kirumi, na alama ya mtengenezaji hukaa ndani ya umbo la almasi. Kwenye metali iliyopakwa, alama hiyo hukaa ndani ya mraba. Tazama pia kingo na miguu: pakiwa na umanjano, fedha imelika na bronzi imejitokeza.

Hilo halikifanyi chombo kuwa bandia. Kaizari Napoleon III wa Ufaransa mwenyewe aliagiza kwa Christofle, kampuni ya vyombo vya fedha, seti kubwa ya metali iliyopakwa fedha kwa ajili ya kasri la Tuileries. Iliokoka moto ulioteketeza kasri hilo mwaka 1871, na sasa imo katika jumba la makumbusho la Musée des Arts décoratifs, Paris.

Wengine hushikilia kwamba bakuli lisilo na chapa ya Baccarat, kiwanda cha kristali cha Ufaransa, ni la kughushi. Sivyo hata kidogo! Kiwanda hicho kilianza kuchora chapa kwa asidi kwenye bidhaa zake zote mwaka 1936. Kabla ya hapo kilitumia vibandiko vya karatasi, ambavyo hubanduka. Pambo linalotajwa kuwa la 1870 likiwa na chapa ya asidi, basi ama bakuli limebadilishwa, ama chapa imeongezwa baadaye. Chunguza pale kioo kinapoingia kwenye metali. Bakuli linalocheza, au plasta mpya iliyojazwa pembeni, ni sababu ya kuuliza.

Sasa utaratibu. Amri ya Serikali ya Ufaransa nambari 81-255 ya tarehe 3 Machi 1981 inamtaka muuzaji, ukimwomba, akupe ankara au risiti inayoeleza aina ya kitu, kilivyoundwa, asili yake na umri wake. Ankara ikitaja kipindi, mathalani "époque Napoléon III" (kipindi cha Napoleon III), muuzaji amedhamini kwamba kimetengenezwa wakati huo, na sehemu yoyote iliyoundwa baadaye lazima akujulishe. Ikiandikwa "style Napoléon III" (mtindo wa Napoleon III), hujadhaminiwa tarehe yoyote. Anayekiuka amri hii hutozwa faini isiyozidi euro 1,500, na hadi euro 3,000 akirudia kosa. Lakini ankara huombwa wakati wa kununua. Ukija kwetu baadaye na picha za simu tu, utakuwa umetufunga mikono.

Na usilisugue pambo kwa dawa ya kung'arishia kabla hatujaliona. Tabaka la fedha ni jembamba mno, na likishaisha huwezi kulirudisha ila kwa kupaka upya, jambo linaloshusha thamani.