Kutambua Magugu: Tazama Shina Kabla ya Kushika Jembe

Shika shina la ndago kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kisha lizungushe polepole. Halitelezi laini kama shina la nyasi. Linakwama kwenye pembe, na pembe zenyewe ni tatu. Likate: ndani limejaa, na kutoka chini hadi kwenye mashuke hukuti kifundo hata kimoja. Majani yamechomoza chini katika safu tatu. Nyasi halisi, kama sangari au ulezi, zina shina lenye vifundo, na majani yake hukaa katika safu mbili. Kwa hiyo ndago si nyasi, ingawa wakulima wengi huihesabu humo kwa sababu ya jani lake jembamba.

Tofauti hii ina gharama. Viuagugu vinavyouzwa kwa ajili ya kuua nyasi ndani ya maharage au soya haviidhuru ndago. Mkulima ananyunyiza, nyasi zinakauka, ndago inabaki kijani na sasa shamba lote ni lake.

Jembe nalo lina hatari yake. Chini ya udongo, ndago ya kawaida, Cyperus rotundus, hutengeneza viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi ngumu kama punje za tasbihi. Kiazi cha mbele huchipua na kuvizuia vya nyuma visichipue. Jembe likikata mnyororo huo, kizuizi kinaondoka na kila kiazi huota kivyake. Ndiyo maana palizi ya wakati wa mvua, inayokata na kuacha vipande kwenye udongo wenye unyevu, huizidisha ndago badala ya kuipunguza. Lakini viazi hivyo havistahimili ukavu. Shamba likilimwa kiangazi, viazi vikaletwa juu na kuachwa juani siku kadhaa, vingi hufa. Kati ya yote ninayowaeleza wakulima kuhusu ndago, hili la kulima kiangazi ndilo ningependa washike.

Ndago hii ina ndugu yake, Cyperus esculentus, ambaye mashuke yake ni ya rangi ya dhahabu badala ya hudhurungi iliyoiva. Viazi vyake havifuatani kwenye mnyororo. Kila kimoja kiko mwisho wa uzi wake. Tena ni vitamu na huliwa, ilhali vya ndago ya kawaida ni vichungu.

Kwenye majaruba ya mpunga, nyasi zinazosumbua sana ni Echinochloa colona na Echinochloa crus-galli. Zikiwa changa zinafanana na mpunga kiasi kwamba hata mpaliliaji mzoefu huzipita. Vuta jani nje kidogo na uangalie pale ala yake, yaani sehemu ya chini inayozunguka shina, inapokutana na bapa la jani. Mpunga una kiulimi, yaani utando mweupe unaosimama, na visikio viwili vidogo vyenye vinyweleo vinavyokumbatia shina. Nyasi hizo mbili hazina kiulimi wala visikio. Mahali hapo ni patupu. Rangi ya jani hubadilika kwa mbolea na urefu hubadilika kwa maji, lakini alama hii haibadiliki. Vibarua wa palizi waonyeshwe siku ya kwanza kabisa.

Gugu linalonitia wasiwasi kuliko yote ni gugu karoti, Parthenium hysterophorus. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na sasa limo Ethiopia, Kenya, Uganda na hapa Tanzania, ambako watu wa Arusha wanalifahamu vizuri kutokana na lilivyoshamiri kandokando ya barabara. Husafiri na matope ya magurudumu, mchanga wa ujenzi, majani ya mifugo na mbegu za mazao zisizosafishwa. Ukiliona mahali pasipokuwa nalo mwaka jana, jiulize ni gari gani au mzigo gani ulipita hapo.

Likiwa changa hulala chini: majani yaliyokatikakatika sana, kama ya karoti, yametandazwa duara juu ya udongo. Hapo ndipo wengi hulidharau. Baadaye shina huinuka, linaweza kufika mita 2, na ukilipapasa utahisi mifereji iliyonyooka kwa urefu wake pamoja na vinyweleo vifupi. Juu hutawanyika matawi mengi yenye vichwa vidogo vya maua meupe, kila kimoja na upana wa milimita 4 au 5 tu. Chukua kichwa kimoja ukiweke kwenye kiganja, ukitazame kwa lenzi au kwa kamera ya simu iliyovutwa karibu. Pembeni yake kuna vijiua vitano vilivyotokeza, hivyo kichwa chote kina kona tano. Kila kimoja kati ya vijiua hivyo vitano huweza kutoa mbegu moja nyeusi. Ni mbegu chache kwa kichwa, lakini vichwa ni vingi mno: mmea mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Hali ya hewa ikiruhusu, huchukua takriban wiki nne tu tangu kuota hadi kutoa maua.

Watu hulichanganya na mimea mingine, na mingine haina ubaya wowote. Karoti yenyewe hutoa maua yaliyopangika kama mwavuli juu ya shina, na jani lake lina harufu ya karoti. Kishona nguo, Bidens pilosa, lina majani yanayotoka mawili mawili yakitazamana, na mbegu zake ndefu zina miiba miwili au mitatu inayonasa kwenye suruali. Majani ya shina la gugu karoti hutoka moja moja kwa kupishana. Tagetes minuta, ambao baadhi ya watu huuita bangi mwitu, una harufu kali mno ukisuguliwa, na jani lake likiinuliwa kwenye mwanga huonyesha vitone vya mafuta. Gugu karoti halina vitone hivyo.

Usilishike kwa mikono mitupu. Kemikali yake iitwayo parthenini huwasha ngozi ya baadhi ya watu hadi ikachubuka, na chavua yake huleta mafua na shida ya kupumua. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Kemikali hiyo hiyo huzuia mbegu za mimea ya jirani zisiote, ndiyo maana malisho hugeuka kuwa gugu karoti tupu. Ling'olewe pamoja na mzizi wake, udongo ukiwa na unyevu, kabla ya maua, kwa glovu na nguo ya mikono mirefu. Likishachanua, kulikokota shambani ni kulipanda upya.

Kiduha, ambalo Waluo hulijua kwa jina la kayongo, ni habari nyingine kabisa. Hili halishindani na mahindi kwa mwanga. Linanyonya kwenye mizizi ya mahindi yenyewe. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, chini ya nusu milimita, na huweza kukaa udongoni miaka zaidi ya 10 ikisubiri dalili ya kikemikali kutoka kwenye mzizi wa mahindi, mtama au ulezi. Likitokeza juu ya ardhi, madhara mengi yameshafanyika chini. Kwa hiyo usisubiri ua. Mahindi yakinyauka huku udongo una maji, yachimbue uangalie mizizi.

Ua nalo ni la kulitambulisha. Kiduha chenye maua mekundu, Striga asiatica, ni kifupi, na ganda la kijani linaloshika ua lina mistari kama 10. Striga hermonthica, kinachoonekana sana kuzunguka Ziwa Victoria, ni kirefu, kina maua ya waridi, na ganda lake lina mistari 5. Vyote ving'olewe kabla ya mbegu kukomaa. Shamba lenye kiduha lipandwe mazao ya jamii ya kunde kama soya, ambayo mizizi yake huiamsha mbegu ya kiduha bila kuipa chakula, ikafa.

Nimalizie na gugu ambalo kulikosea si suala la mavuno tu. Mnanaha, Datura stramonium, huota mahali palepale panapoota mnavu na mchicha pori, na wanaochuma mboga porini lazima waujue. Mnavu una maua madogo meupe yenye kitovu cha njano na matunda ya mviringo. Mnanaha una ua refu kama tarumbeta, sentimita 6 hadi 10, jani lenye kingo zenye meno makubwa na harufu mbaya, na tunda lenye miiba linalopasuka pande nne. Una atropini na skopolamini: mdomo hukauka, mboni za macho hupanuka, moyo hukimbia, mtu huweweseka. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, watu takriban 300 waliugua na watano walifariki baada ya kula unga wa msaada uliochanganyika na sumu ya mbegu za mnanaha. Mbegu zake ni bapa, zina umbo la figo, na katika gunia la soya hazionekani isipokuwa kwa anayezitafuta. Mnanaha ung'olewe shambani kabla ya mavuno.

Ukishindwa kutambua gugu, peleka sampuli kwa afisa ugani au kwenye hifadhi ya mimea iliyo karibu, yaani mahali panapotunzwa sampuli za mimea iliyokaushwa. Kwa Tanzania hifadhi hiyo ipo Arusha, na kwa Kenya ipo Nairobi. Chukua mmea mzima wenye mzizi, ua na tunda kama vipo. Ulaze kati ya kurasa za gazeti, uweke kitu kizito juu, na ubadilishe gazeti kila siku mpaka ukauke. Andika kijiji, tarehe, zao lililokuwepo, na rangi ya ua, kwa kuwa rangi hupotea. Kama unashuku ni gugu karoti, funga sampuli ndani ya mfuko usiopitisha kitu kabla hujapanda gari.