Matunzo ya mtoto: hizo fedha ni za nani?

Ukikaa nusu saa tu kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yoyote, utasikia neno moja likirudiwa na kila anayeingia: matumizi. "Hatoi matumizi." "Natoa matumizi, lakini mtoto simwoni." "Nikimpa matumizi anakwenda kusukia nywele." Wanaosema hivyo wengi wao hawadanganyi. Kinachowagombanisha ni kwamba kila mmoja ana jibu lake la swali ambalo hakuna aliyelitamka: fedha zile ni za nani?

Kisheria kinachoitwa matumizi mitaani ni matunzo ya mtoto. Waislamu wengi wa pwani husema nafaka, na hawana maana ya mahindi wala mchele. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inamtaka mzazi ampatie chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na malezi, uhuru, na hata nafasi ya kucheza na kupumzika. Ukiisoma orodha hiyo taratibu utaona kwamba kila kitu ndani yake kinaishia kwa mtoto. Mama hatajwi kama mnufaika. Yeye, au bibi, au shangazi, au baba mwenyewe pale mtoto anapokaa kwake, ni mkono unaopokea tu.

Basi fedha ni za mtoto. Ni jibu fupi, lakini likikubalika, hoja nyingi zinazotolewa kwenye lile benchi zinakosa pa kusimama.

Chukua hoja ya kwanza, ile ya "mama yake ameshaolewa, huyo mume mpya amlishe." Kuolewa kwa mama hakujamwondolea mtoto baba yake. Au ile ya "alitoka nyumbani kwangu mwenyewe, sikumfukuza." Huenda kweli mama ndiye aliyekosea katika ndoa, na mahakama ikaliangalia hilo inaposikiliza shauri la talaka. Mtoto hakukosea. Hata ile ya nywele: kama kuna wasiwasi wa kweli kwamba fedha hazimfikii mtoto, dawa ipo. Ada ilipwe moja kwa moja shuleni, bima ya afya ikatwe kwa jina la mtoto, unga na mafuta vinunuliwe vipelekwe nyumbani. Afisa ustawi wa jamii akiyasikia hayo mara nyingi huyaandika kwenye makubaliano bila ubishi. Kisichokubalika ni kuacha kabisa.

Hapa pia nitenganishe mambo matatu ambayo watu huyafunga katika furushi moja. Kuna kukaa na mtoto, yaani nani analala naye nyumba moja na kuamua mambo yake ya kila siku. Kuna kumwona mtoto, yaani haki ya yule asiyekaa naye kumtembelea au kumchukua siku kadhaa. Na kuna kumtunza. Watu wa kawaida huyafanya kuwa biashara: nipe hela nikupe mtoto, nipe mtoto nikupe hela. Mahakama haiendi hivyo. Baba asiyetoa matunzo hajapoteza kwa hilo peke yake haki ya kumwona mwanawe, na mama anayemficha mtoto hajamfutia baba wajibu wa kutoa. Kila mmoja ana mlango wake wa kudai. Baba aliyenyimwa mtoto aombe amri ya kumtembelea. Mama aliyenyimwa matunzo aombe amri ya matunzo. Nimewaona akina baba waliositisha fedha kwa mwaka mzima "ili mama ajifunze", na aliyejifunza ni mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare.

Kwenye kukaa na mtoto kuna jambo linalohitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu limeshakuwa kama sheria ya pili isiyoandikwa: "Mtoto akifika miaka saba ni wa baba." Ukiuliza imeandikwa wapi, utaambiwa serikalini. Haiko hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inasema mahakama ianze na dhana kwamba ni vyema kwa mtoto wa chini ya miaka 7 kuwa na mama yake. Ni dhana inayoweza kupingwa. Anayeona kwamba mtoto huyo mdogo hayuko salama kwa mama alete ushahidi. Palepale sheria inaongeza kwamba mahakama iangalie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha huku na huku. Basi. Hakuna sentensi inayosema siku ya kuzaliwa ya saba mtoto afungashwe nguo.

Kinachotokea baada ya miaka 7 ni kwamba ile dhana ya kumpendelea mama haipo tena, na wazazi wote wawili wanasimama mstari mmoja. Kinachopimwa ni ustawi wa mtoto. Anaulizwa mwenyewe kama umri wake unamruhusu kuwa na mawazo yake. Inaangaliwa kama ana ndugu zake wa tumbo moja ambao ni bora wasitenganishwe, na nani amekuwa akimlea siku zote hadi hapo. Mila za jamii yao nazo zinatajwa katika Sheria ya Ndoa kama jambo la kuzingatiwa, lakini kitu cha kwanza na kikubwa kuliko vyote ni ustawi. Kwa hiyo mtoto wa miaka 9 anaweza kubaki kwa mama, na mtoto wa miaka 4 anaweza kupewa baba, kama ushahidi unaelekea huko. Imani hii ya miaka saba imewafanya akina mama wengi wamtoe mtoto kwa machozi bila hata kufika mahakamani, wakidhani hawana la kusema. Wanalo.

Swali jingine la kila wiki: lazima kwanza tupate talaka? Hapana. Talaka ina njia yake, inayopitia baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya kufika mahakamani, na inaweza kuchukua muda. Tumbo la mtoto halisubiri baraza. Matunzo yanadaiwa hata ndoa ikiwa hai, mume amehamia mkoa mwingine na simu hapokei. Yanadaiwa pia ambapo hapakuwahi kuwa na ndoa.

Kwa hao ambao hawakuoana, inafaa kukumbuka tulikotoka. Kabla ya 2009 mama wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa anategemea sheria ya zamani ambayo kiwango chake cha juu cha matunzo kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja. Ilibaki imeandikwa hivyo hata miaka ambayo mia haikutosha nauli ya daladala. Sheria ya Mtoto iliifuta, na haikuweka kiwango kingine mahali pake: kila shauri linapimwa lenyewe. Pia inaruhusu maombi dhidi ya anayedaiwa kuwa baba yafunguliwe hata kabla mtoto hajazaliwa. Dada yangu unayesubiri "abadilike kwanza", usisubiri sana. Kwa baba ambaye hakumwoa mama, sheria imeweka kipindi cha miezi 24 tangu mtoto azaliwe, na ukishapita kwa kawaida ni lazima kuonyesha kwamba ndani ya kipindi hicho aliwahi kutoa fedha za kumtunza. Hii ndiyo sababu ninawaambia watu wasifute miamala ya simu. Ule ujumbe mmoja wa elfu ishirini za maziwa unaweza kuja kuwa ushahidi wako mkuu.

Baba akimkana mtoto, mahakama inaweza kuamuru kipimo cha vinasaba, ambacho watu wanakiita DNA. Hapa nchini hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hauendi tu na mtoto mkononi ukaomba upimwe. Maombi yapitie kwa anayetambuliwa na sheria, kama mahakama, wakili au afisa ustawi wa jamii.

Sasa kiasi. Watu wanapenda kuuliza, "Kwa mtoto mmoja ni shilingi ngapi?" Hakuna jedwali. Mahakama huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watu wengine wanaowategemea, jambo lolote linalopunguza uwezo wao wa kutafuta kipato, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Inaweza pia kuagiza taarifa ya uchunguzi kutoka ustawi wa jamii. Mwenye mshahara ni rahisi, kwa kuwa hati ya mshahara inaongea. Shida ipo kwa wasio na hati, nao ndio wengi.

Tuseme baba ni dereva wa bodaboda ya mkataba. Kila siku ana hesabu ya kumpelekea mwenye chombo, kuna mafuta, kuna tairi. Akisimama mbele ya hakimu na kusema "sina kazi rasmi", hajajibu kitu. Ataulizwa siku nzuri anabaki na kiasi gani, siku mbaya anabaki na kiasi gani, amepanga chumba cha bei gani, na watoto wengine anawalishaje. Mama naye ataulizwa genge lake linaingiza nini. Kutokana na majibu hayo hutoka kiasi ambacho mtu anaweza kukitoa kweli, pengine kwa wiki badala ya kwa mwezi, maana kipato chake hakijui mwisho wa mwezi. Amri ndogo inayolipwa ni bora mara mia kuliko amri kubwa ya kutundikwa ukutani. Nasema hivi kwa mama anayetaja laki tatu kwa hasira, na kwa baba anayetaja elfu kumi kwa hasira hiyohiyo.

Je, mama hana wajibu? Anao. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 129, inamtwika baba kwanza, na mama pale baba anapokuwa amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo. Sheria ya Mtoto iliyokuja baadaye inazungumza na mzazi bila kubagua, na ndiyo maana kipato cha wote wawili kinawekwa mezani. Majirani zetu Kenya wamelisema wazi zaidi: Katiba yao ya 2010, ibara ya 53, inawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Zanzibar nako kuna Sheria ya Mtoto yao ya mwaka 2011 na Mahakama ya Kadhi, hivyo aliyeko Unguja au Pemba asikibebe kila nilichoandika hapa kama kilivyo.

Ukiamua kuanza, anzia ustawi wa jamii. Mwenzako ataandikiwa barua ya wito, mtakaa, na mara nyingi mtaondoka na makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi ya kliniki, risiti za shule na dawa, na ile miamala. Baba, nawe beba zako; wengi mnatoa mkononi bila karatasi, kisha mnashindwa kuonyesha hata shilingi. Yasipowezekana huko, shauri huenda Mahakama ya Watoto, ambako linasikilizwa faragha, si mbele ya umati. Asiye na fedha za wakili aulize wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Msaada wao ni wa bure.

Amri ikishatoka haijagandishwa. Baba akipoteza kazi, au mtoto akigundulika ana ugonjwa wa selimundu na kliniki zikaanza, mzazi yeyote kati ya hao wawili anarudi mahakamani kuomba kiasi kibadilishwe. Kwa kawaida amri hufikia mwisho mtoto anapotimiza miaka 18, lakini akiwa bado anasoma au yumo mafunzoni, mahakama inaweza kuiendeleza. Mwanafunzi anayetimiza miaka hiyo akiwa kidato cha tano hafungiwi mlango katikati ya muhula.