Mwenye kutembea pia ana haki ya maegesho ya walemavu

Mtu anaegesha kwenye nafasi ya walemavu katikati ya mji, anashuka, anatembea zake. Mara minong'ono: "Huyu si mzima kabisa?"

Dhana kwamba nafasi hizo ni za wanaotumia viti vya magurudumu pekee ni ya siku nyingi, na nadhani ile alama yake, mchoro wa mtu kwenye kiti cha magurudumu, imeichochea. Susanne Koefoed wa Denmark aliuchora mchoro huo 1968 (mwanzoni haukuwa hata na kichwa), lakini unawawakilisha watu wenye ulemavu wa kila aina.

England, kibali cha maegesho ya walemavu kiitwacho Blue Badge anaweza kupewa hata mgonjwa wa moyo au mapafu anayeishiwa pumzi baada ya hatua chache. Tangu 30 Agosti 2019, ulemavu usioonekana, kama usonji, nao unazingatiwa. Kibali ni cha mtu, si cha gari. Mwenyewe asipokuwa safarini, hakitumiki.

Na ile mistari ya mshazari ubavuni mwa nafasi hizo? Si pa kubanza pikipiki. Upana wake, kama mita 1.2, ni wa kufungua mlango hadi mwisho na kushusha kiti cha magurudumu. Ukiuziba, mwenzio atarudi akute gari lake haliingiliki.