Macartney hakukwama kwa sababu ya goti

Kisa hiki wengi tulifundishwa hivi: mwaka 1793 balozi wa Uingereza, George Macartney, aligoma kumsujudia Kaizari Qianlong wa China, Kaizari akakasirika, biashara ikaharibika. Kinaniudhi, maana kinaficha hasa kilichokuwa kinagombewa.

Ni kweli Macartney alipiga goti moja tu, badala ya kusujudu, kule Chengde, kwenye kasri la Kaizari la majira ya joto kaskazini mwa Beijing. Lakini hakufukuzwa. Alikaribishwa, akalishwa, akapewa zawadi. Mtoto wa katibu wake, George Thomas Staunton, mwenye miaka 12, alikuwa amejifunza Kichina melini kutoka kwa mapadri Wachina waliosomea Napoli, Italia. Alipomsemesha Kaizari kwa Kichina, mzee yule alivua kifuko kilichoning'inia kiunoni mwake akampa.

Kilichokataliwa ni maombi yenyewe: balozi wa kudumu Beijing, ruhusa ya kufanya biashara Ningbo na Tianjin, na kisiwa kidogo karibu na Zhoushan, kwenye pwani ya mashariki ya China. Kisiwa! Hilo si ombi la mfanyabiashara peke yake. Na kama tatizo lingekuwa goti, Waholanzi wangefanikiwa. Mapema mwaka 1795 ujumbe wao, ukiongozwa na Isaac Titsingh, ulisujudu Beijing kama ulivyoelekezwa, paji la uso hadi chini, na bado ukarudi bila nafuu yoyote ya kibiashara.

Wengine husema Qianlong alikuwa gizani kuhusu Ulaya, kwa kuwa barua yake kwa Mfalme George III ilisema China haina haja na bidhaa za Waingereza. Lakini Macartney mwenyewe, alipotembezwa kwenye majumba ya bustani za kifalme za Chengde, alikuta saa na vyombo vya Ulaya vingi na vizuri kiasi cha kuona zawadi zake zimefunikwa. Baada ya wageni kukataliwa, Kaizari aliamuru ulinzi wa pwani uimarishwe. Mtu asiyejua anashughulika na nani hafanyi hivyo.

Na Macau, bandari ya kusini mwa China walikokaa Wareno, si mfano wa ardhi iliyochukuliwa na wageni? Husemwa kwamba Wareno waliiteka. Walikaa pale kuanzia 1557 kwa ridhaa ya maofisa wa China, na baadaye wakawa wanalipa kodi ya ardhi, taeli 500 za fedha kila mwaka (taeli ni kipimo cha uzito cha Kichina). Waliendelea kulipa hadi 1849, miaka saba baada ya Vita vya Kwanza vya Kasumba, kati ya Uingereza na China, kumalizika.